Maswali ya Wasomaji: Kola za Mafunzo Katika Nyumba Yenye Wanyama Kadhaa

Safu hii hupokea maswali ya kila namna kuhusu ufugaji, lakini kwa miezi ya karibuni barua nyingi zimekuwa zikirudia jambo moja: mtu ana mbwa zaidi ya mmoja, au ana mbwa na paka, au ana hao wote pamoja na sungura, na anataka kujua ni kola gani ya mafunzo itakayomfaa. Tumechagua barua saba na kuzijibu kwa pamoja, kwa kuwa jibu la moja mara nyingi hulifaa swali la nyingine. Barua ndefu tumezifupisha.

Swali: Ndugu Mshauri, nina mbwa wawili na paka mmoja. Mbwa mkubwa ni jike wa miaka 7 na hana habari na paka. Mdogo ni dume wa miezi 14, naye humkimbiza paka kila amwonapo akikatiza ukumbini. Juzi alimbana chini ya kabati hadi paka akajikojolea. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue kola za umeme zenye rimoti moja na vipokezi viwili, akisema nitawafundisha mbwa wote kwa wakati mmoja. Je, nichague yenye viwango vingapi vya nguvu?

Jibu: Kabla hatujafika kwenye viwango, naomba ufikirie mbwa wako atakuwa anatazama nini wakati umeme unapomfikia. Atakuwa anamtazama paka. Wewe uliyeshika rimoti unajua kwamba unaadhibu kitendo cha kukimbiza, kwa kuwa kitendo hicho umeshakipa jina; mbwa hana jina hilo. Anachokijua yeye ni kwamba paka alitokea na shingo ikauma. Mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huunganisha mambo mawili yanayofuatana kwa karibu hata kama hayahusiani, na kwamba huunganisha bila kuamua. Mbwa wake walitokwa na mate kwa kusikia tu sauti iliyozoea kutangulia chakula. Hofu nayo hujengeka kwa njia hiyo hiyo, na wakati mwingine tukio moja tu linatosha.

Mbwa anayeishi peke yake akipata mshtuko uwanjani anaweza kuulaumu uwanja, ua, au hata baiskeli iliyokuwa ikipita. Mbwa anayeishi na wenzake ana kiumbe hai cha kulaumu, na kiumbe huyo hana pa kuhamia. Wengine huishia kumkwepa paka, na mwenye mbwa hufurahi akidhani somo limeingia, ingawa mnyama wake sasa anaishi kwa wasiwasi katika chumba kile kile anacholala. Wengine hugeuka wakali: mbwa ambaye awali alimkimbiza paka kwa mchezo au kwa silika ya kuwinda huanza kumfukuza ili asimkaribie kabisa, kwa sababu ujio wa paka umekuwa ishara ya maumivu. Vilevile mbwa aliyeumia ghafla anaweza kumgeukia na kumuuma aliye karibu, na katika nyumba yako aliye karibu ni jike mzee au ni paka mwenyewe.

Rimoti hiyo moja ya vipokezi viwili ndiyo inayonitia shaka zaidi, ingawa muuzaji ameitaja kama faida. Humpasa mtu abonyeze kitufe sahihi, cha mbwa sahihi, kwa kiwango sahihi, ndani ya sekunde moja hivi, huku wanyama watatu wakikimbia mbele yake na pengine mtoto akipiga kelele. Atakosea. Akikosea, jike aliyelala kwa amani kwenye mkeka wake atashtuliwa bila kufanya lolote, na atainua kichwa amwone yule mdogo akikimbia. Amani iliyokuwapo kati ya mbwa wawili kwa miezi mingi inaweza kuvunjika hapo, na mwenye nyumba asijue kamwe ilivunjwa na nini.

Labda utasema kwamba mkufunzi hodari hakosei. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln cha Uingereza walichapisha ulinganisho wa mbwa 63, waliogawanywa katika makundi matatu ya mbwa 21 kila moja, ambao wenye nao walilalamikia hasa kutokuja wanapoitwa. Kundi moja lilifundishwa kwa kola za umeme na wakufunzi waliozizoea, na mengine mawili yalifundishwa bila kola hizo. Kola haikuleta matokeo bora; mbwa waliofundishwa kwa zawadi na wakufunzi waliobobea katika njia hiyo ndio walioitika upesi zaidi. Mwaka huo huo, utafiti uliofanywa Ureno na watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto kwa mbwa 92 ulionyesha kwamba mbwa waliosomeshwa katika shule zinazotegemea adhabu walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya somo. Mwaka 2021 American Veterinary Society of Animal Behavior, chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia, kilitoa tamko la kutaka mafunzo yote ya mbwa yafanywe kwa zawadi. Wales ilipiga marufuku kola za umeme kwa mbwa na paka tangu 2010. Kwa hiyo swali lako la viwango vingapi nalijibu hivi: usichukue hata kimoja.

Vifaa unavyohitaji ni vya kawaida sana. Mnunulie mdogo kola bapa yenye bizimu, ambayo vidole viwili hupita kati yake na shingo bila kulazimishwa. Mkanda wa kifuani wenye pete mbele ya kidari. Na kamba nyepesi ya mita mbili isiyo na kitanzi mwishoni, ili isinase kwenye miguu ya viti. Kamba hiyo ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si kwenye kola, na aiburute akiwa ndani wakati wewe upo, na ukitoka uivue. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kukanyaga ncha na kuzuia mbio kabla hazijaanza, kwa maana kila mara anapofaulu kumkimbiza paka anajilipa mwenyewe, na malipo hayo yana utamu kuliko biskuti yako yoyote.

Kisha umtafutie paka barabara yake. Rafu pana ukutani, juu ya kabati kulikoachwa wazi, na kizuizi cha mlangoni chenye tundu linalompitisha paka lakini si mbwa, vitapunguza nusu ya kazi kabla hujafundisha chochote. Sahani ya paka na sanduku lake la choo viwe upande wa pili wa kizuizi hicho.

Mafunzo yenyewe huanzia mbali. Mshike mbwa kamba mahali ambapo anamwona paka lakini bado anaweza kula kutoka mkononi mwako. Anapomtazama paka, toa neno moja fupi la sifa, kisha mpe kipande kidogo cha nyama. Atakapokigeukia, umeshapata mwanzo. Rudia mara nane au kumi, kisha muondoke, hata kama mambo yanakwenda vizuri, na hasa kama yanakwenda vizuri. Mwili ukikakamaa, mdomo ukifunga ghafla, macho yasipopepesa na nyama ikakataliwa, mko karibu mno. Rudi nyuma bila kumkemea. Baada ya siku nyingi za hivyo utaona anamwona paka na kukugeukia wewe kabla hujasema neno. Wakati huo Pavlov anakufanyia kazi wewe: paka ametokea, na nyama ikafuata.

Naongeza tahadhari moja. Mbwa anayekimbiza kwa kelele na mkia juu si sawa na yule anayenyatia kimya kichwa kikiwa chini. Ikiwa wako ni wa namna ya pili, au ameshawahi kumkamata mnyama mdogo na kumtikisa, mtenge kabisa na paka, mzoeshe kuvaa kikapu cha mdomoni, na umwite daktari wa wanyama mwenye ujuzi wa tabia kabla ya kujaribu lolote niliyoyaandika hapa.

Swali: Nina mbwa watatu nao hubweka nikiwa kazini, na jirani amechoka. Nimeona kola zinazojiwasha zenyewe mbwa anapobweka. Je, nikiwavalisha wote watatu, kila mmoja ataadhibiwa kwa kosa lake tu?

Jibu: Si lazima. Kola hizo hutambua kubweka kwa njia mbili. Zile rahisi hutumia kipaza sauti, na kipaza sauti hakijui sauti imetoka koo lipi. Mbwa wa kwanza akibweka, wa pili aliyelala kando yake anaweza kuadhibiwa, akalia kwa maumivu, na kilio chake kikaiwasha kola ya wa tatu. Nyingine hutumia kihisi kinachopima mtikisiko wa koo, na zilizo bora hutaka dalili zote mbili zitokee pamoja. Hizo hupunguza makosa, lakini mbwa wanaoishi pamoja huungurumiana wakicheza na huvutana shingo, na kola haina akili ya kutenganisha mchezo na kelele.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulipitia juu juu. Ili umeme upite, vinundu viwili vya chuma lazima vigandamize ngozi chini ya manyoya. Vikigandamiza mahali pamoja kwa saa nyingi hutoboa vidonda, na ndiyo maana maelekezo ya vifaa hivyo huagiza visivaliwe mchana kutwa na visogezwe mara kwa mara. Nani atavisogeza nawe uko kazini? Katika nyumba ya mbwa watatu kidonda hicho kitalambwa na wenzake hadi kichimbike, na kola yenyewe itatafunwa. Betri ndogo ya duara ikimezwa inaweza kuunguza umio kwa muda mfupi sana, kwa hiyo jambo hilo ni la dharura.

Anza kwa kujua nani anabweka na kwa nini. Acha simu ya zamani ikirekodi picha kwa siku mbili au tatu. Mara nyingi utakuta kwamba mmoja ndiye mwanzilishi na wawili ni waitikiaji, na kwamba mwanzilishi ana sababu: dirisha linalotazama njia ya watu, au hofu ya kuachwa. Wa dirishani hutibiwa kwa pazia, kwa karatasi yenye ukungu kwenye kioo, au kwa kuhamishiwa chumba cha nyuma. Mwenye hofu ya kuachwa hubweka kwa dhiki, akitembea huku na huku na kudondosha mate mlangoni. Kumwongezea maumivu mnyama wa namna hiyo ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Huyo anahitaji kuzoeshwa kuachwa kwa vipindi vifupi vinavyoongezwa polepole, na pengine dawa kutoka kwa daktari. Ukimtuliza mwanzilishi, waitikiaji watakosa cha kuitikia.

Swali: Sipendi umeme. Je, kola ya kupuliza manukato au ile ya sauti isiyosikika na binadamu ni ya huruma zaidi? Nina mbwa wawili, paka wawili, na sungura kwenye kibanda kilichomo ndani ya nyumba.

Jibu: Nakuelewa, na nia yako ni njema, lakini kwa idadi hiyo ya wanyama vifaa hivyo viwili ndivyo visivyokufaa kuliko vyote, kwa kuwa haviwezi kumlenga mmoja.

Tuanze na sauti. Masikio ya binadamu huishia kwenye hezi (yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde) 20,000 hivi. Mbwa husikia hadi karibu 45,000, sungura hupita 40,000, na paka hupita 60,000. Sauti iliyotengenezwa ili imkere mbwa huku wewe husikii chochote inamfikia paka aliyelala juu ya kochi na sungura aliye ndani ya kibanda asichoweza kukitoka. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na sauti kali inayojirudia bila sababu na bila njia ya kukimbia humweka katika hofu ya kudumu; anaweza hata kuacha kula, na sungura asiyekula kwa nusu siku tu ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Wewe mwenyewe hutajua hata kama kifaa kinalia.

Manukato nayo aghalabu ni mafuta ya sitronela, mmea ulio jamaa ya mchaichai. Umeme ukikoma umekoma, ilhali harufu hubaki hewani na kwenye manyoya kwa dakika nyingi baada ya kosa kusahaulika, ikimwadhibu mbwa aliyekwisha kunyamaza, pamoja na mwenzake asiyehusika, na hata paka ambao kwa kawaida huichukia harufu hiyo. Mbwa ananusa kwa uwezo ambao sisi hatuwezi kuukisia. Kumpulizia manukato chini ya pua ni kama kumwashia mtu taa ya gari machoni na kuiacha ikiwaka. Zipo kola zinazopuliza hewa tupu, nazo hazina kosa hilo la harufu, lakini mpulizo wake hushtua, na mbwa mwoga huhamishia mshtuko huo kwa yeyote aliye mbele yake, kama nilivyomweleza msomaji wa kwanza.

Swali: Mbwa wangu mzee amepoteza kusikia kabisa. Anaishi na mbwa wawili vijana. Rafiki ameniambia nimtafutie kola ya mtetemo ili niweze kumwita. Je, hii nayo ni adhabu?

Jibu: La, na nafurahi kwamba umeuliza, kwa sababu hapa kola ya kielektroniki inaweza kuwa msaada wa kweli. Kwa mbwa kiziwi mtetemo ni bega lililoguswa na mtu aliye mbali, mradi tu umfundishe kuwa ni mwaliko.

Chagua kifaa kinachotetema tu. Vipo vingi vyenye mtetemo na umeme katika rimoti moja, na kidole kinaweza kuteleza. Usikubali hata ukiambiwa kwamba umeme unaweza kuzimwa. Hakikisha kuwa kina kiwango cha chini kabisa cha mtetemo, kwa maana baadhi hutetema kwa nguvu kiasi cha kumtisha mbwa mdogo. Usimvalishe siku ya kwanza. Kishike mkononi, kibonyeze, mpe chakula. Kibonyeze, mpe chakula. Siku chache baadaye kiguse begani mwake ukifanya vivyo hivyo, kisha ndipo kiende shingoni. Maana ya mtetemo iwe moja tu, yaani "nitazame", na akikutazama umpe ishara ya mkono ya kile unachotaka. Usitumie mtetemo huo huo kumkataza jambo, hata mara moja.

Kuhusu vijana wawili: watasikia mngurumo wa kola na kuona mzee analishwa, na baada ya siku mbili wote watatu watakujia mbio kila unapobonyeza. Mzee asiyesikia hatawasikia wakimjia kutoka nyuma. Fanya mafunzo yake nao wakiwa chumba kingine, kisha uwafundishe wao kwamba mngurumo huo unamaanisha kwenda kwenye mikeka yao, ambako nao watapata chao. Pia usimwamshe kwa mtetemo akiwa amelala kati ya wenzake. Mbwa kiziwi anayeshtuka usingizini anaweza kumuuma wa kwanza kumwona. Kanyaga sakafu kwa nguvu kidogo, au washa na kuzima taa.

Swali: Mbwa wangu wawili walikuwa wakicheza, taya la mmoja likanasa ndani ya kola ya mwingine, na nilikaribia kumpoteza mmoja wao. Je, niwavue kola kabisa wawapo nyumbani?

Jibu: Pole sana. Ajali hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, na kwa desturi hutokea kati ya mbwa wanaopendana, kwa kuwa ndio wanaotafunana shingo wakicheza. Taya la chini huingia chini ya kola, mbwa hujiviringisha ili ajinasue, kola hujisokota, na mwenzake hukabwa huku yule wa kwanza akiumia taya na kuvuta zaidi.

Ndiyo, wavue wanapocheza na wanapobaki peke yao. Mnyororo wa kukaba na kola ya meno ya chuma usiache shingoni hata dakika moja baada ya matembezi. Binafsi sioni sababu ya kuwa navyo nyumbani. Ikiwa ni lazima wavae kitu chenye namba yako ya simu, tafuta kola inayojiachia yenyewe ikivutwa kwa nguvu. Zipo zenye pete mbili, kila moja upande wake wa kifungo: kamba ikinasishwa kwenye pete zote mbili kola haiachii njiani, na kamba ikiondolewa inaachia mchezoni. Paka wavae za kujiachia siku zote, kwa kuwa wao hunasa kwenye matawi na kwenye madirisha. Mnyama awekewe pia chipu chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15, ili kukosa kola kusimfanye asiyejulikana.

Ikitokea tena, usiwavute mbwa kila mmoja upande wake. Wasukume wakaribiane ili kola ilegee, mzungushe yule aliyenaswa taya kinyume na alivyojisokota, kisha ufungue kifungo au ukate kola kwa mkasi. Weka mkasi imara mahali unapoweza kuufikia gizani. Tazama mikono yako, kwani mbwa anayekosa pumzi huuma yeyote.

Swali: Natembeza mbwa wawili kwa pamoja, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wote wavutaji. Ni kola gani itawazuia?

Jibu: Mbwa anayevuta asivutwe shingo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliopima macho ya mbwa 26 wakati wanavuta, nao ukaonyesha kwamba shinikizo ndani ya jicho hupanda wanapovuta kwa kola lakini halipandi wanapovuta kwa mkanda wa kifuani. Mbwa wa mbegu ndogo pia wana koromeo laini linaloweza kubonyea. Wavalishe wote mikanda ya kifuani yenye pete mbele, na kwa majuma machache ya kwanza utembee na mmoja mmoja. Huwezi kumfundisha anayevuta kulia huku mwingine akivuta kushoto.

Mkubwa akiendelea kukushinda nguvu, hatamu ya kichwani husaidia baada ya kuzoeshwa kwa zawadi, lakini kamwe usiwafunge mbwa wawili kwenye kamba moja ya pacha ikiwa mmoja amevaa hatamu. Mwenzake akirukia kitu, shingo ya aliyevaa hatamu itageuzwa kwa ghafla. Mbwa wenye kichwa chembamba kuliko shingo, kama vile greyhound, yule mbwa mwembamba wa mbio, huchomoka kwenye kola bapa. Hao wana kola zao pana zinazobana kwa kiasi na kusimama, nazo zipimwe ili zikibana hadi mwisho zilingane tu na mzingo wa shingo.

Swali: Hili pengine si la mafunzo. Nimemnunulia mbwa kola ya viroboto ili aivae pamoja na ile ya kawaida. Paka wangu hulala amemkumbatia. Kuna tatizo?

Jibu: Huenda lipo, na ni kubwa kuliko yote tuliyoyazungumza leo, kwa hiyo soma paketi sasa hivi. Ukikuta jina permethrini au deltamethrini, usiitumie kola hiyo katika nyumba ambayo paka hulala na mbwa au humlamba. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja permethrini, ambayo mbwa huistahimili bila shida, na paka anayeipata mwilini hutetemeka, masikio na ngozi humcheza, huyumba, kisha hupata degedege na anaweza kufa. Amitrazi, inayowekwa katika baadhi ya kola za kupe, nayo ni sumu kwa mnyama anayeitafuna, awe paka au mbwa.

Mvue mbwa kola, mtenge na paka hadi daktari akuambie manyoya yake ni salama, na umwombe dawa ya viroboto iliyoidhinishwa kwa wanyama wa aina zote mbili. Paka akianza kutetemeka, usingoje aonekane amezidiwa. Ikiwa anasimama na hana degedege, muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunge taulo asipoe, umpeleke kwa daktari mara moja, nawe ubebe paketi ya kola ili ajue ni dawa gani.